Mzigo kutoka Nyamikono

Nyamikono, 2 Machi 2025

Baba Hellen,

Salamu kutoka juu ya maji. Mimi ni mzima, na kile kifua kilichokuwa kinanibana kimeachia, sijui ni upepo au ni kukosa vumbi la stendi. Ninyi mnaendeleaje hapo Nyegezi? Hellen amemaliza dawa zake? Ukipita Usagara mpe mama shikamoo yangu, na wifi Selina msalimie.

Boti ilichukua mchana mzima. Nahodha Paulo anasimama kila kisiwa kushusha unga, sabuni na mafuta ya kupikia. Hapa Nyamikono hakilimwi kitu cha maana, ni mihogo kidogo tu nyuma ya kanisa. Kila kinacholiwa kimekuja na boti, hata nyanya, hata kuni. Na kinachotoka ni dagaa, hakuna kingine. Dagaa wakipatikana duka linajaa, kinyozi ana kazi, sadaka inanona. Wasipopatikana kisiwa kizima kinanuna.

Nimepanga kwa mjane mmoja anaitwa Roza. Ana chanja zake mwenyewe, anaanika juu, siyo mchangani, ndiyo maana dagaa wake hawana mchanga. Ila hapa mgeni hauziwi hivihivi. Wenye mitumbwi wanatoa mali kwa neno tu: unachukua alfajiri, unaanika, unasafirisha, unalipa boti ikirudi. Roza alinipeleka kwa tajiri mmoja mwenye mitumbwi mitatu, Otuoma, Mjaluo wa Shirati. Akamwambia, "Huyu ni mdogo wangu." Basi, nikapewa. Otuoma mwenyewe alisimamia wanipimie vizuri.

Usipige simu. Mtandao unashika juu ya jabali moja tu, na ukisimama pale unaongea na kisiwa kizima. Niandikie, umpe Paulo pale Mwaloni, soko la samaki.

Mkeo,
Mama Hellen

*

Nyegezi, 11 Machi 2025

Mama Hellen mke wangu,

Barua nimeipata, nashukuru kusikia umefika na kifua kimepona. Sisi tunaendelea. Hellen amepona, anakuamkia. Mama naye mguu unamsumbua lakini anatembea.

Kazi ni ileile, tena inapungua. Abiria siku hizi wanakata tiketi kwenye simu wakiwa kitandani. Nakaa kibandani asubuhi mpaka jioni, wanaokuja ni wa kuuliza choo kiko wapi.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Otuoma umemtaja mara mbili na Roza mara mbili. Mimi niko kwenye salamu tu. Sisemi kwa ubaya. Nauliza tu, mtu ana mitumbwi mitatu, wanawake wa kununua wamejaa, kwa nini asimamie mwenyewe kumpimia mgeni? Mimi nimekaa stendi ujana wangu wote na hakuna anayenipa hata andazi kwa neno tu.

Tulikubaliana unakaa giza mbili, vipindi viwili vya usiku usio na mwezi, halafu unarudi. Usisahau.

Mumeo,
Baba Hellen

*

Nyamikono, 16 Machi 2025

Baba Hellen,

Natumaini hamjambo. Mimi sijambo, nimelala mpaka nimechoka kulala. Mwezi ni mkubwa, dagaa hawafuati taa, kwa hiyo mitumbwi imepinduliwa kifudifudi ufukweni na watu wanashona nyavu. Wakati wa mwezi hapa hakuna mwenye shilingi. Mwenye duka anatoa sukari anasema tutaonana gizani, mama lishe anatoa chakula anasema vilevile. Kila mtu anamngoja mwenzake na wote wanaungoja mwezi upungue.

Umeuliza kwa nini mtu anampa mgeni mali kwa neno. Ni kwa sababu hapa hakuna pa kukimbilia. Boti ni moja na nahodha ni mmoja. Ukila mali ya mtu, utapandia wapi? Neno la mtu hapa ndiyo dhamana yake, hana nyingine.

Na Otuoma ana ndevu nyeupe na mke anaitwa Awuor, mwalimu wa kwaya, sauti yake ukiisikia unaacha unachofanya. Jumapili nakula kwao. Awuor ananifundisha kupika ugali wa mtama kama wa kwao. Ukija utakula.

Mpe Hellen pole ya mitihani.

Mkeo,
Mama Hellen

*

Nyegezi, 30 Machi 2025

Mama Hellen,

Habari za huko. Sisi wazima wa mwili.

Nilipita Mwaloni kumwona Paulo, nikakuta mzigo wako unashushwa. Madalali waliuzunguka. Mmoja akachota dagaa kiganjani, akawapuliza, akasema, "Hawa wa nani? Hawana hata punje ya mchanga." Mwingine akamjibu, "Wa Mama Hellen wa Nyamikono." Nilisimama karibu yao kabisa. Hakuna aliyenitazama.

Sasa nitasema lililo moyoni, na usinijibu kwa hasira. Selina alikuja Jumapili. Anasema visiwani mwanamke hapati samaki hivihivi, na kila mtu anajua anachotoa. Fundi wa simu wa hapa stendi aliwahi kukaa kisiwani, naye amesema hivyohivyo bila kuulizwa. Unataka mimi nifikirie nini? Unakula kwa mtu, unapewa mali na mtu huyohuyo, umewekewa mpaka ugali wa kikwao.

Giza mbili zinaisha. Nakusubiri.

Mumeo,
Baba Hellen

*

Nyamikono, 8 Aprili 2025

Baba Hellen,

Salamu. Afya yangu nzuri, ya kwako sijui, maana barua yako ni ya mtu mgonjwa.

Wifi Selina hakudanganya. Mambo hayo yapo. Wiki niliyofika, msimamizi wa mtumbwi mmoja wa kukodi aliniambia waziwazi anachotaka kabla ya kunijazia beseni. Nilimjibu, na Roza akamjibu zaidi, mpaka wenzake wakacheka akaondoka. Ndiyo sababu Roza alinipeleka kwa Otuoma na siyo kwa mwingine. Kwake wanawake wananunua dagaa na wanaondoka na dagaa. Nimekueleza. Sitaeleza tena.

Sirudi bado. Masika yametukuta vibaya. Mvua ilinyesha dagaa wakiwa bado wabichi kwenye chanja, wakageuka chakula cha kuku, na wa kuku bei yake unaijua. Otuoma amesema nisiwaze, nitalipa giza lijalo. Nikiondoka sasa nitakuwa nimelivunja neno la Roza, siyo langu peke yangu.

Nilifurahi kusikia walivyosema madalali. Nilidhani na wewe ungefurahi.

Mkeo,
Mama Hellen

*

Nyegezi, 27 Aprili 2025

Mama Hellen,

Heri ya Pasaka. Tumekula wali na Selina na mama. Hellen aliimba kanisani.

Juzi nimemwona Otuoma wako. Alikuja mjini kutengeneza injini, nikaonyeshwa na mtu. Ndevu ni nyeupe kweli, lakini mgongo umenyooka, na amevaa saa. Tumeongea kiume, mbele ya fundi na watu wengine, na amenielewa. Kilichosemwa ni kati yake na mimi.

Sasa unaweza kurudi.

Mumeo,
Baba Hellen

*

Nyamikono, 9 Mei 2025

Baba Hellen,

Sina salamu ndefu. Niko hai.

Ulichokisema kimefika hapa kabla ya injini. Ulimwambia mzee wa watu, mbele ya mafundi, kwamba akiniuzia tena dagaa utamfikisha kwa paroko na kwa wazee wake wa Shirati ukisema amekuchukulia mke. Mmoja wa waliosikia ni mvuvi wa hapa. Siku boti iliporudi, nilipoteremka ufukweni na beseni langu, Otuoma alitazama maji. Akawapimia wenzangu wote, mimi akaniruka.

Nikaenda kwa mwenye mtumbwi mwingine. Akasema, "Mama, mimi nina mke na sitaki kutajwa." Wa tatu naye hivyohivyo. Awuor alifunga mlango nikiwa uani kwake. Duka limesema nilete hela taslimu. Nilikwambia kwamba hapa mtu anaishi kwa neno lake. Wewe umelichukua la kwangu, kwa mdomo wako, ukiwa Mwanza, hujawahi hata kukanyaga hapa.

Ulitaka nirudi. Nikirudi leo kila mtu ataamini ulisema kweli. Kwa hiyo nabaki.

Kashindye

*

Nyegezi, 18 Mei 2025

Mke wangu,

Nakusalimu. Umesaini jina la kwenu kama mtu anayeandikia ofisi.

Mimi ni mwanamume, niliona jambo nikalisimamisha. Kama hakuna kitu, kwa nini amenyamaza? Mtu asiye na kosa angenijibu palepale kwa fundi. Alisema tu, "Nimekusikia," akaendelea kushika spana. Nani anajibu hivyo?

Hellen anauliza lini utakuja. Nimemwambia karibuni. Nijibu.

Mumeo,
Baba Hellen

*

Nyegezi, 22 Juni 2025

Mama Hellen,

Sijui kama unazipata barua zangu. Kulikuwa na upepo mkali wiki iliyopita, tukasikia kuna mtumbwi umezama upande wa visiwani. Niliacha kibanda wazi nikakimbilia Mwaloni. Paulo akasema, "Yupo. Anageuza dagaa za watu." Nikamuuliza za nani. Akaniangalia, akaanza kufunga kamba zake.

Kwa hiyo uko hai na barua zangu unazipata.

Mama anakuulizia. Hellen atapata kipaimara mwezi wa nane, ameshapimwa gauni. Mimi usiku silali vizuri, lakini hilo siyo la kuandika.

Nimekutana na mke wa mwenye nyumba, ameniambia nimekonda. Jirani yake akasema, "Mwenzako huko ananenepa." Walicheka. Niambie hata neno moja.

Mumeo

*

Nyamikono, 20 Julai 2025

Baba Hellen,

Pole na kukonda. Mimi sikunenepa. Nilikuwa nageuza dagaa wa watu juani, jioni nalipwa sahani ya dagaa haohao, naanika kwenye kona ya chanja ya Roza. Nimekula hivyo wakati wote uliokuwa hunisikii. Sasa mambo yamebadilika, na nakuandikia uyasikie kwangu kabla hujayasikia kwa fundi wa simu.

Awuor alikuja kwenye chanja mchana, wanawake wote wakiwepo. Hakukaa. Akaniuliza, "Mama Hellen, umelala na mume wangu?"

Nikamwambia, "Sijalala naye, na sijawahi kutaka."

Akanitazama usoni. Kisha akasema, "Otuoma namjua. Angekuwa na jambo na wewe, angekupimia zaidi, asingekuruka. Mtu anamnyima mwenzake hivi akiwa ametishwa. Nani amemtisha?"

Nikalitaja jina lako. Nililitaja mbele yao wote, na nilipolitaja nililia, sikulia kabla ya hapo.

Awuor akasema wivu umemla vya kutosha na hataki umle mara ya pili. Kuanzia kesho yake dagaa wa nyumba yake atauza yeye. Na kweli, alfajiri akaingia majini mpaka magotini na beseni lake, akapima mwenyewe, mwanamke kwa mwanamke, mimi wa kwanza. Otuoma alisimama pembeni mikono nyuma. Nilidhani atakasirika. Alinisalimia, akasema, "Afadhali." Wiki ileile mke wa mwenye mtumbwi mwingine naye akaingia majini, akafuata wa tatu. Wanaume wanalalamika dukani kwamba kisiwa kimepinduka. Lakini yule msimamizi aliyetaka kunijazia beseni kwa masharti yake, sasa hana beseni la kujaza. Roza anasema wivu wa Awuor umetusaidia kuliko wako.

Nitakuja kwenye kipaimara cha Hellen. Andaa mahali nitakapolala.

Mama Hellen

*

Nyegezi, 31 Agosti 2025

Mama Hellen,

Natumaini ulivuka salama na ziwa lilikuwa tulivu. Sisi wazima. Hellen amelivaa gauni lake jeupe tena jana, bila sherehe yoyote, nikamwacha.

Nyumba imekuwa kubwa tangu uondoke. Nataka kukuambia nilichokiona ulipokuwa hapa, maana ana kwa ana nilishindwa, nikabaki kukuuliza chumvi iko wapi.

Watu walikuja kukusalimia wewe kwanza. Mwenye nyumba, mwenye duka, hata katekista. Selina aliyekusema alikaa karibu yako akakuomba umtafutie dagaa wa kuuza Usagara. Nilimtazama dada yangu nikaona aibu. Halafu jioni, kila jioni, ulikuwa unatoka mlangoni kuutazama mwezi umefika wapi. Nilijua unapanga kuondoka. Hujawahi kunitazama mimi hivyo, hata wakati wa uchumba.

Nilipokuomba ubaki ulisema, "Siwezi, giza linaingia," kama mtu anayeitwa nyumbani. Nilikuwa nimemwandalia Otuoma hasira zangu zote. Mwanamume unaweza kumfuata kwa fundi ukamwambia neno lako. Kisiwa nitakiambia nini?

Kampuni ya mabasi imefunga kibanda. Wamesema simu zinatosha. Sikukuambia ulipokuwa hapa, nilikuwa natoka asubuhi nakaa stendi kama kawaida mpaka jioni ili usijue.

Ukitaka kubaki huko moja kwa moja, niambie waziwazi. Usiniache nikitazama barabara.

Mumeo,
Baba Hellen

*

Nyamikono, 12 Septemba 2025

Baba Hellen,

Nimefika salama, mwili hauna shida. Pole sana ya kibanda. Nilijua. Shati lako halikuwa na jasho la stendi. Nilingoja uniambie.

Unataka waziwazi, basi hivi. Sirudi kukaa Nyegezi. Mwezi ukiwa mkubwa nitakuja nyumbani, giza likiingia nitavuka. Hellen akifunga shule aje huku, maji anayaogopa kwa sababu hajayazoea. Sijakuacha. Ningekuwa nimekuacha nisingekuja kulala kwenye kile kitanda chenye shimo.

Sasa lingine. Sisi wanawake tumeunganisha mizigo yetu, Awuor, mimi, Roza na wengine, tunasafirisha pamoja. Dagaa wetu wakifika Mwaloni wanachanganywa na wa mchangani, halafu tunaambiwa wamekutwa na mchanga. Tunahitaji mtu wetu pale, wa kupokea, kusimamia na kuuza. Roza amemleta Ngosha, shemeji yake, kijana mwenye bidii, na wengi wamemkubali.

Nikasema nina mume. Awuor akauliza, "Yule aliyemtisha mume wangu?" Nikasema ndiyo, huyohuyo. Nikawaambia mtu huyu ameishi kati ya wapiga debe na hajawahi kumuuzia abiria kiti kisichokuwepo, nami namjua kuliko mnavyomjua. Walibishana mpaka chai ikapoa. Mwisho Awuor akasema, "Mzigo mmoja. Akiuharibu, na wewe utageuza dagaa zetu tena." Nimekubali.

Boti inafika Mwaloni Jumamosi ya tarehe ishirini, asubuhi. Ngosha atakuwepo. Usipokuwepo wewe, atapokea yeye na hatutaongea tena habari hii. Sitakulaumu. Najua kwa mwanamume ni vigumu.

Mkeo,
Mama Hellen

*

Nyegezi, 20 Septemba 2025

Mama Hellen mke wangu,

Nakusalimu kwa mikono yenye harufu ya dagaa, nimeisugua na limau haijatoka. Hellen mzima, amecheka aliponiona. Mama mguu una nafuu.

Nilifika Mwaloni kabla ya jua. Ngosha alikuwa ameshafika. Hukuniambia kwamba ni mrefu. Hukuniambia pia kwamba anavaa shati la kupigwa pasi kuja kupokea dagaa. Tulisalimiana, tukasimama kila mtu upande wake tukilitazama ziwa.

Boti ilipofunga, Paulo akaita kwa sauti, "Mzigo wa Nyamikono, wa kina Mama Hellen, nani anapokea?" Ngosha akanitazama. Nikasogea mbele. Mpagazi mmoja akanizuia kwa mkono kifuani, akasema, "Sikujui, wewe nani?" Stendi nzima ya Nyegezi inanijua, Mama Hellen. Makondakta wananiita kwa jina langu toka sina ndevu.

Nikasema, "Mimi ni mume wa Mama Hellen."

Sijawahi kujitambulisha hivyo kwa mtu. Lakini yule mpagazi akashusha mkono, akawaita wenzake, akasema, "Mpisheni, mwenye mzigo amefika."

Dalali mmoja alitaka kumwaga gunia letu kwenye turubai lake ili eti awaangalie vizuri. Nikakaa juu ya gunia. Nikamwambia awaangalie kiganjani kama anavyoangalia wa wengine. Alitukana, nikakaa. Ngosha, lazima niseme haki, alikuja akakaa juu ya gunia la pili. Mzigo umeuzwa wote, haukuchanganywa. Fedha anazo Paulo, zimefungwa kwenye kitambaa cha Hellen, mwambie Awuor afungue mwenyewe mbele yenu. Otuoma nitamwona akija mjini. Nitakachomwambia nakijua, na safari hii nitamwambia mbele ya fundi yuleyule wa injini.

Jumamosi ijayo nitakuwa hapo tena.

Jambo moja. Tulipokuwa tumekaa juu ya magunia, huyu Ngosha alisema, "Dada Kashindye ni mchapakazi sana." Kashindye. Mimi mwenyewe nakuita Mama Hellen. Jina hilo amelijulia wapi? Siulizi kwa ubaya. Niandikie tu, barua mpe Paulo, nitakuwa nimesimama palepale boti inapofunga.

Mumeo,
Baba Hellen